Kwa nini "duermo" lakini "dormimos"? Vitenzi vya Kihispania vinavyobadili shina

Mwanafunzi wa Jioni (muulizaji)

Ndugu zangu, hamjambo. Najifunza Kihispania peke yangu, huu ni mwezi wa nane, na vitenzi vingi vya wakati uliopo sasa vinanitoka bila taabu: *hablo, hablas, habla, como, comes, come*. Kilichonikwamisha ni lile kundi ambalo vitabu huliita vitenzi vinavyobadili shina. Chukueni *dormir*, yaani kulala. Kitabu changu kinatoa *yo duermo, tú duermes, él duerme, nosotros dormimos, vosotros dormís, ellos duermen*. Jedwali hilo nimeliandika mara nyingi hadi naweza kulitaja nikiwa nimefumba macho, lakini nikianza kuzungumza linayeyuka.

Wiki iliyopita nilikuwa nazungumza kwa simu na msemaji wa Kihispania anayenisaidia. Nilitaka kumwambia "hatuwezi kulala", nikasema *no puedemos duermir*. Alinielewa, akanirudishia kwa upole *no podemos dormir*. Sentensi iliyofuata, katika kujihadhari na kosa lile, nikasema *yo podo*, nikaangukia upande wa pili.

Naomba msaada katika mambo matatu. Je, ipo sababu inayofanya *nosotros* (sisi) na *vosotros* (ninyi) ziachwe nje ya mabadiliko, au ni jambo la kukariri tu? Nitajuaje kama kitenzi kipya kinabadilika, maana *comer* (kula) hutoa *como* lakini *volver* (kurudi) hutoa *vuelvo*? Na mwisho, nimekutana na *durmió* (alilala) katika hadithi fupi. Nilitarajia *duermió*, au walau *dormió*. Hiyo *u* imetoka wapi?

Mpenda Sarufi

Ndugu Mwanafunzi, swali lako la kwanza ndilo linalobeba mengine, kwa hiyo nitalikalia zaidi. Sababu ipo, nayo ni mkazo. Soma kwa sauti *duermo, duermes, duerme, duermen*, usikilize: sauti inapanda juu ya shina. Kisha soma *dormimos, dormís*: sauti imehamia kwenye kiambishi cha mwisho, na shina limebaki bila mkazo. Shina likibeba mkazo, *o* hupasuka ikawa *ue*. Likiutua mzigo huo, *o* hubaki kama ilivyokuwa. Ndivyo ilivyo pia kwa *e* inayokuwa *ie*, kama *pienso* na *pensamos*, *quiero* na *queremos*.

Jambo hili halikuanzia kwenye vitenzi. Kilatini kilikuwa na *e* na *o* fupi ambazo, zilipoangukia kwenye silabi yenye mkazo, ziligeuka katika Kihispania kuwa *ie* na *ue*, na zilipokuwa nje ya mkazo hazikugeuka. Ndiyo maana mlango ni *puerta* lakini mlinda mlango ni *portero*. Jino ni *diente* lakini daktari wa meno ni *dentista*. Saba ni *siete* na sabini ni *setenta*. Tisa ni *nueve* na tisini ni *noventa*. Ukishazizoea jozi hizi, *duermo* na *dormimos* hazitakushangaza tena, kwa sababu ni kisa kilekile.

Ushahidi ninaoupenda kuliko yote unatoka Argentina na Uruguay, ambako watu wengi humwita mwenzao *vos* badala ya *tú*. Wao husema *vos podés, vos querés, vos contás*. Ni mtu mmoja anayesemeshwa, yuleyule ambaye kwingineko angeambiwa *puedes, quieres, cuentas*, lakini kwa kuwa mkazo uko mwishoni, shina halikuguswa. Hivyo kinachoamua si nafsi wala idadi. Ni mahali mkazo ulipotua.

Naomba niongeze kwamba sisi tunaosema Kiswahili tunalijua jambo la namna hii tangu utotoni bila kufundishwa. Tunasema *ninakula, nilikula, nitakula*, ile *ku* ikibaki. Lakini tunasema *nile, sili, akila*, na *ku* haipo. Kwa nini? Silabi *na, li, ta* na *me* za wakati haziwezi kubeba mkazo, kwa hiyo *ku* hubaki ili mkazo upate pa kutua: nina-KU-la. Katika NI-le, SI-li na a-KI-la, silabi zilizopo zinautosha mkazo. Hakuna aliyetukaririsha jedwali la *kula*, na hakuna anayekosea. Nawe ukizoea kusikiliza mkazo wa Kihispania utafika hapo.

Kuna tahadhari moja. Neno la Kihispania linaloishia kwa irabu, *n* au *s*, bila alama ya mkazo juu yake, huwekewa mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, sawasawa na maneno yetu. Hiyo ni nafuu kubwa. Lakini ukisoma *puedo* kwa mazoea ya Kiswahili utasema pu-e-do, silabi tatu, na hapo utaanza kulihisi shina vibaya. *Ue* ni silabi moja. Anza *puedo* kama unavyoanza neno "pweza", na *duermo* uitamke kana kwamba imeandikwa "dwermo". *Pienso* ni "pyenso", ile *ye* ikisikika kama katika "vyema". Jaribu mara kumi kwa sauti, ukifuatisha kila mara na umbo la *nosotros*: pwedo, podemos, dwermo, dormimos, pyenso, pensamos. Utausikia mkazo ukihama.

Buti la Nafsi Nne

Nakubaliana na Mpenda Sarufi, ila kwa anayeanza naona picha hushika haraka kuliko historia. Andika nafsi za umoja upande wa kushoto, moja chini ya nyingine, na za wingi upande wa kulia, kisha uzungushie mstari zile nne zinazobadilika: *yo, tú, él* na *ellos*, yaani mimi, wewe, yeye na wao. Umbo linalotokea ni buti, mguu wake ukielekea kulia. *Nosotros* na *vosotros* zimebaki nje ya buti. Mimi nilijifunza hivyo, na hadi leo nikisita kidogo picha ile hunijia. Buti ni lilelile kwa *ie*, kwa *ue*, na kwa vile vinavyogeuza *e* kuwa *i* kama *pedir*: *pido, pides, pide, pedimos, pedís, piden*.

Jihadhari na *tener* na *venir*. Hizo hutoa *tienes* na *vienes* kama kawaida, lakini *yo* ni *tengo* na *vengo*.

Mfasiri

Picha ya buti ni nzuri kwa wakati uliopo, na sina neno nayo. Tatizo ni kwamba haina jibu kwa *durmió*, ambalo ndugu yetu ameliuliza waziwazi, wala haimsaidii anapofika kwenye maumbo ya amri. Anayejua mkazo atatoa *cierra* (funga) na *cerrad* (fungeni) bila kuchora chochote.

Sasa *durmió*. Vitenzi ambavyo umbo lake la kamusi huishia kwa *-ar* au *-er* vina badiliko moja tu, lile la mkazo. Vitenzi vya *-ir* vinavyobadilika, ukiacha vichache mno, vina badiliko la pili, na hili hutokea pale ambapo shina halina mkazo. Tazama kinachofuata shina. Kikiwa ni *i* kamili inayotamkwa kama irabu, shina hubaki na *o* au *e* yake ya kamusi: *dormimos, dormí, dormiste, dormía, dormido, dormiré*. Kikiwa ni *a*, au ni *i* iliyofinywa mbele ya irabu nyingine kama katika *-ió, -ieron, -iendo*, shina huchukua *u* au *i*: *durmió, durmieron, durmiendo, durmamos*. Kwa *pedir* utapata vivyo hivyo *pedí, pediste, pidió, pidieron, pidiendo, pidamos*. Kwa *sentir*, *sentí, sintió, sintiendo, sintamos*. Kanuni hii vitabu vingi huigawa katika orodha tatu au nne zilizotawanyika sura mbalimbali, na mwanafunzi hudhani ni mambo manne. Ni jambo moja.

Lile *durmamos* linahitaji maelezo mafupi. Ni hali ambayo Kihispania huiita *subjuntivo*, inayofanya kazi nyingi za *nilale, ulale, tulale* zetu. *Quiero que duermas* ni "nataka ulale", na *quiero que durmamos* ni "nataka tulale". Kwa *contar* (kuhesabu, kusimulia) au *volver*, ambavyo si vya *-ir*, *nosotros* hapo hubaki *contemos* na *volvamos*.

Kuhusu kukitambua kitenzi kipya, umbo la kamusi peke yake halitakuambia. *Entender* hutoa *entiendo*, na *comprender*, chenye maana iyo hiyo, hutoa *comprendo*. *Coser*, kushona, hutoa *coso*. *Cocer*, kupika kwa kuchemsha, hutoa *cuezo*. Kwa hiyo usijifunze kamwe kitenzi kwa umbo moja. Katika daftari langu kila kitenzi cha *-ar* au *-er* kina maumbo mawili, *contar, cuento*, na kila cha *-ir* kina matatu, *dormir, duermo, durmió*. Mengine yote huyajenga humo. Kamusi nyingi za wanafunzi huandika *(ue)*, *(ie)* au *(i)* kando ya kitenzi, na kamusi ya Real Academia Española, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1713, hukuelekeza kwenye kitenzi cha mfano: *encontrar* hunyambuliwa kama *contar*, *volver* kama *mover*, *cerrar* kama *acertar*, *perder* kama *entender*, *preferir* kama *sentir*, *servir* kama *pedir*, *morir* kama *dormir*. Ukiijua mifano hiyo saba barabara, umevimudu karibu vyote. *Jugar* simama nacho peke yake, maana ndicho kinachogeuza *u* kuwa *ue*: *juego, jugamos*.

Ningekusihi pia usifanye *poder* kuwa kielelezo chako. Utakihitaji kila siku, lakini wakati uliopita wake ni *pude, pudo*, na ujao ni *podré*, maumbo ambayo hayafuati lolote kati ya niliyoyaeleza. Jifunzie kanuni kwenye *contar* na *dormir*.

Na katika *no puedemos duermir* kulikuwa na makosa mawili ya aina tofauti. La kwanza ni la mkazo. La pili ni kwamba kitenzi kinachofuata *poder* au *querer* hubaki katika umbo la kamusi, kama tunavyosema "siwezi kulala" au "nataka kucheza". *Quiero jugar*, kamwe si *quiero juegar*. Kosa hili nimelisahihisha kwa wanafunzi wengi, na huwapata hasa wanaojitahidi, kwa sababu wamelizoesha sikio lao *ue* kiasi cha kuipeleka kila mahali.

Mwanafunzi wa Jioni

Nawashukuru sana. Nimefanya zoezi la pweza kwa siku tatu, na kwa mara ya kwanza nimesema *podemos* bila kusimama kufikiri. Nimetunga sentensi hizi bila kutazama kitabu, naomba mzikague.

*Anoche los niños durmieron bien, pero nosotros no dormimos.*
*Ella me pidió el libro y yo le pedí tiempo.*
*Cuento hasta diez y después te cuento un cuento.*
*Me siento en la silla porque me siento cansado.*
*Mi hermana vuelvió a las ocho.*

Ile ya nne imenitatiza mwenyewe. Nilitaka kusema kwamba nakaa kwenye kiti kwa sababu najisikia nimechoka, na vitenzi viwili vikanitokea sura moja.

Mpenda Sarufi

Nne za kwanza ni sahihi kabisa. Hiyo ya *me siento* hukukosea: *sentarse* na *sentirse* hukutana hapo kwa kuwa vyote viwili hupasua *e* chini ya mkazo. Ukihamisha mkazo vinaachana, *nos sentamos* tunakaa, *nos sentimos* tunajisikia. Zingatia pia kwamba *dormimos* katika sentensi yako ya kwanza ni ya wakati uliopita, na ina sura ileile ya wakati uliopo. *Anoche* ndiyo iliyotujulisha.

Ya tano irekebishe iwe *volvió*. Itamke: vol-VYÓ. Mkazo uko kwenye *ó*, kwa hiyo shina halina sababu ya kupasuka. Wala usiandike *vulvió* kwa kufuata *durmió*, kwani *volver* ni kitenzi cha *-er* na badiliko la pili halikihusu: *volví, volviste, volvió, volvieron, volviendo*. Sasa jaribu kuitunga upya ukitumia *perder* na *servir* katika sentensi moja ya jana, kisha uilete hapa.

Mwanafunzi wa Jioni

*Ayer el camarero perdió la cuenta y nos sirvió dos veces.* Jana mhudumu alipoteza bili, akatuhudumia mara mbili.

Mpenda Sarufi

Ni sahihi, na *cuenta* nayo umeipata bila kuitafuta. Imetoka kwenye *contar*.