Tanuri la Curiosity linaunguza sampuli: tunajuaje kilichotoka ndicho kilichokuwemo?

Mdadisi_Mirihi

Wakuu, habari za saa hizi. Kuna jambo linanisumbua tangu niliposoma habari ya mwaka 2025 kwamba Curiosity, gari la utafiti la NASA, imepata dekani, undekani na dodekani kwenye mwamba wa Mirihi, minyororo ya kaboni mirefu kuliko yote iliyokwisha kuonekana kule. Nilipofuatilia kipimo kilivyofanyika, nikakuta unga wa mwamba unatiwa kwenye kikombe kidogo, kikombe kinaingia tanurini, moto unapandishwa mamia ya nyuzi, kisha gesi inayofuka ndiyo inayopimwa.

Sasa molekuli ya kaboni ukiichoma inavunjika, au inaungana na jirani yake. Kwa hiyo chombo hakioni kilichokuwemo, kinaona masalia ya moto. Tena chombo chenyewe kimeundwa Duniani na watu wenye jasho, mate na sabuni. Nani anathibitisha hizo dekani hazikupanda roketi pamoja nacho? Sipingi, naomba kuelimishwa. Nawasilisha.

Jiwe_la_Tatu

Mkuu, wale ni NASA. Unadhani hawakunawa mikono?

Mama_Kromato

Jiwe_la_Tatu, kunawa hakutoshi, na NASA wenyewe ndio wa kwanza kusema hivyo. Mdadisi kauliza swali tunalojiuliza kila asubuhi sisi tunaoshinda na mashine hizi.

Kazi yangu ni kuendesha kromatografia ya gesi iliyoungwa na spektromita ya masi. Natafuta mabaki ya viuatilifu, sina habari na viumbe wa Mirihi, lakini mashine yangu ni ndugu wa damu na SAM iliyomo tumboni mwa Curiosity. Yangu inajaza meza. Yao wameibana ikawa kilo 40 hivi, pamoja na tanuri na leza yake. Heliamu inasukuma mvuke ndani ya bomba jembamba lenye utando kwa ndani. Molekuli nyingine zinang'ang'ania utando na kuchelewa, nyingine zinapita upesi. Zikifika mwisho zinapigwa kwa elektroni, zinavunjika, na vipande vinapimwa uzito. Kwa hiyo unapata muda wa kutoka na uzito wa vipande, vyote viwili, na ni nadra vitu viwili tofauti kufanana katika yote.

Kitu cha kwanza ninachowafundisha vijana ni kwamba mashine haikai kimya hata siku moja. Uzito 149 ukijitokeza, hiyo ni plastiki, mtu kaacha chupa au glavu mahali. 207 na 281 ni utando wa bomba lenyewe, unachuruzika joto likipanda. Ndiyo maana kabla ya sampuli tunapitisha tupu: hatua zile zile, moto ule ule, ila kikombe hakina kitu. Kinachoonekana kwenye tupu ni chako mwenyewe, usimsingizie mteja.

Turudi Mirihi, na hapa nitakaa kidogo maana kisa cha Viking ndicho kinachojibu swali lako. Mwaka 1976 vyombo viwili vya Viking vilitua, kila kimoja kikiwa na mashine kama hii, kazi iliyoongozwa na Klaus Biemann. Wakachoma udongo mpaka nyuzi 500. Wakapata maji, wakapata kaboni dioksaidi, na vitu viwili vya ajabu vyenye kaboni na klorini: klorometani upande mmoja, diklorometani upande wa pili, kwa kiwango cha sehemu chache kwa bilioni. Viyeyusho vyenye klorini vilikuwa vimetumika kusafishia mitambo, kwa hiyo wakaandika kwamba huo ni uchafu wa nyumbani. Hitimisho likawa kwamba udongo wa Mirihi hauna molekuli za kaboni, na likakaa hivyo zaidi ya miaka 30. Mtu yeyote makini wa maabara angeandika vile vile wakati ule.

Mwaka 2008 chombo cha Phoenix kikatua karibu na ncha ya kaskazini. Hicho kilikuwa na vikombe vya kulowekea udongo majini, na humo ndimo ilimoonekana perklorati, karibu nusu asilimia ya udongo. Perklorati ni chumvi tulivu ikiwa baridi. Ipashe moto mkali inaachia oksijeni na klorini, inaunguza kila chenye kaboni kilicho karibu, na mabaki yake mojawapo ni nini? Klorometani. Mwaka 2010 kundi la Rafael Navarro-González lilichukua udongo wa jangwa la Atacama wenye kaboni kidogo, likachanganya na perklorati, likachoma kama Viking. Vikatoka vitu vile vile viwili. Wapo waliobisha, Biemann akiwemo, na ubishi wao si wa kipuuzi. Lakini tazama ulipo mtego: tanuri liliangamiza lilichotumwa kutafuta, likatoa kitu kinachofanana kabisa na uchafu wa sabuni. Hofu yako, Mdadisi, ilikwisha kutokea.

Waliojenga SAM walijua habari hiyo, na bado ikawasumbua. Vikombe vyao vichache vimebeba kitendanishi kiitwacho MTBSTFA, cha kushika molekuli zisizopenda kugeuka mvuke. Kikavuja. Mchanga wa kwanza kuchomwa, wa mahali paitwapo Rocknest, ulitoa klorometani tena, na wao wenyewe wakaandika kwamba kaboni ile inaweza kuwa imetoka kwenye kitendanishi chao. Hata unga wa kunasia mvuke, Tenax, unajitengenezea klorobenzini kidogo, molekuli nyingine ya kaboni yenye klorini, ukikutana na klorini.

Basi walipotoboa mwamba wa tope uitwao Cumberland, kreta ya Gale, mwaka 2013, na klorobenzini ikatoka, hawakukimbilia magazetini. Wakaweka pembeni kile kinachotoka kwenye tupu, wakaweka pembeni kile cha Rocknest, na Cumberland bado ikawa juu sana, sehemu 150 hadi 300 kwa bilioni. Uzito 112 na 114 kwa uwiano wa tatu kwa moja, ambao ndio uwiano wa aina mbili za klorini ya asili, hivyo hakuna wasiwasi juu ya jina lake. Taarifa ikatoka 2015, miaka miwili baadaye. Hiyo miaka miwili kwangu ndiyo sehemu ya kuaminika zaidi.

Chombo pia kimebeba matofali matano madogo ya silika yaliyotiwa molekuli zenye florini, za aina isiyopatikana katika asili. Ukitoboa tofali na kulipitisha njia nzima, kuanzia keekee mpaka tanuri, florini inakuambia kama njia inafanya kazi, na chochote kingine kitakachotokea ni uchafu wa njiani.

Mdadisi_Mirihi

Mama Kromato, shikamoo. Nimekuelewa kwenye uchafu. Bado sehemu ya kwanza: hata kama dekani imetoka mwambani, mwambani ilikuwa dekani?

Mama_Kromato

Marahaba. Huenda haikuwa, na wenyewe wamesema hivyo. Walikuwa wanatafuta asidi amino kwenye Cumberland ile ile. Wakaichoma mara mbili, asidi amino hawakuziona, ila dekani na wenzake wakajitokeza. Dekani ina kaboni 10. Chukua asidi mafuta ya kaboni 11, yaani asidi ya undekanoiki, ukiichoma ule mwisho wake wenye oksijeni unakatika na kaboni moja, inabaki 10. Kwa hiyo wakaenda maabara, wakachanganya asidi hiyo na udongo unaofanana na wa Mirihi, wakaupitisha kwenye hatua za SAM, na dekani ikatoka walivyotabiri. Hiyo inaonyesha njia ipo. Haionyeshi kwamba ndiyo iliyopitwa.

Ripoti hiyo ingeletwa mezani kwangu, "dekani" ningetia saini. "Imetoka kwenye unga wa Cumberland" ningetia saini. "Asidi mafuta" ningeandika pembeni kwa penseli.

BarafuChafu

Naongeza jambo, maana mnaongea kana kwamba tanuri ndilo lenye dhambi peke yake. Cassini, chombo kilichozunguka Zohali, haikuwa na tanuri ilipopita kwenye mirusho ya maji ya Enceladus, mwezi wa Zohali. Punje za barafu ziligonga bamba la chuma kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde, zikapasuka, zikageuka ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme. Mgongano nao unavunja molekuli! Wao wakageuza kasi kuwa kipimo: punje za polepole molekuli inabaki karibu nzima, za kasi unaona vipande. Mwaka 2018 walitangaza molekuli za kaboni nzito kupita uzito 200, nzito kiasi kwamba spektra ilikuwa inakatika kabla hazijaisha.

Na kile kipimo kingine cha gesi cha Cassini kilikuwa na aibu yake. Maji yakigonga kuta zake za ndani, za chuma cha titani, yanaweza kuzalisha haidrojeni. Sasa haidrojeni ndiyo waliyoitaka, kwa kuwa inaashiria maji ya moto yanakutana na mawe chini ya bahari ile. Ndiyo sababu Oktoba 2015 wakapita wakiwa wamebadilisha namna ya kupima, gesi iingie moja kwa moja bila kugusa kuta. Haidrojeni ikabaki. Taarifa 2017.

Mama_Kromato

BarafuChafu, hilo la titani nalipenda mno. Na usisahau uzito 28: nitrojeni 28, kaboni monoksaidi 28, ethilini 28. Spektromita ndogo isiyo na bomba la kutenganisha inaweza kukuonyesha 28 mchana kutwa na usijue unamtazama nani.

Jiwe_la_Tatu

Haya, nimenyamazishwa. Sasa kwa nini wasilete mawe hapa tupime kwa mashine kubwa tukamaliza ubishi?

Mama_Kromato

Wanaleta, pale inapowezekana. Asteroidi ya Bennu ilitupa gramu 121.6 mwaka 2023, zikahifadhiwa ndani ya nitrojeni zisiguse hewa yetu. Hapo hakuna haja ya moto mkali, unaloweka kwenye maji ya moto, unachuja, unapima taratibu. Wakapata asidi amino 14 kati ya 20 zinazotumika kujenga protini za viumbe, na besi zote tano za DNA na RNA. Asidi amino zina umbo la kushoto na la kulia. Viumbe wa hapa wanatumia karibu kushoto tu, na za Bennu zilikuwa takriban sawa kwa sawa. Hiyo inakata maneno mawili kwa mkupuo: si uchafu wa kidole cha mtu, na haina dalili ya kiumbe aliyeitengeneza. Mashine ya kawaida haitofautishi kushoto na kulia, uzito ni ule ule. Inahitaji bomba lenye utando wa aina yake.

Mirihi ni ngumu zaidi, hakuna jiwe lililochukuliwa kule na kurudishwa hadi sasa. Mimi ninayoisubiri ni Rosalind Franklin, gari la utafiti la Ulaya, imepangiwa 2028. Itachimba hadi mita 2, chini kuliko mionzi inavyofika kwa nguvu, na kifaa chake MOMA kina tanuri, kina mabomba ya kutenganisha kushoto na kulia, na kina leza inayopiga unga kwa mpigo mfupi hivi kwamba molekuli nzito zinaruka kabla perklorati haijapata nafasi ya kuziunguza. Jiwe moja, njia mbili. Zikikubaliana, Mdadisi, njoo tuongee. Zisipokubaliana njoo mapema zaidi.

Mdadisi_Mirihi

Nitakuja. Ila hilo la leza sijalielewa: perklorati haipashwi nayo ikipigwa?

Mama_Kromato

Inapashwa, lakini kwa muda wa nanosekunde chache na pale tu leza ilipogusa. Kwenye tanuri kikombe kizima kinapanda joto kwa dakika nyingi, perklorati inaachia oksijeni molekuli za kaboni zikiwa bado zimefungiwa humo humo. Kwenye leza zinaruka na kunyonywa na spektromita papo hapo. Ngoja nitoke kwanza, tupu yangu imeisha na naiona 149.