Asilimia 90 ya nishati inaishia wapi kwenye mnyororo wa chakula?

Mama_wa_Kidato
Wadau, naombeni msaada. Mwanangu anajiandaa na mtihani wa biolojia, na jana usiku kaniuliza swali nikakwama. Daftari lake lina mnyororo wenye vipimo vya nishati: majani 1,000, panzi 100, chura 10, nyoka 1. Kila hatua inavuka asilimia 10 tu. Akauliza, zile 900 zisizofika kwa panzi zimeenda wapi? Nikamjibu zinabaki kwenye kinyesi na mizoga, waozeshaji wanazirudisha ardhini, mimea inazitumia tena. Akaniangalia: "Sasa mama, kama zinarudi, mbona mshale hauzunguki?" Nimelala na swali hilo. Je, nimempotosha mtoto?

Kijani77
Nyingi zinatoka kama joto. Mwambie ashike shavu lake mwenyewe. Ule uvuguvugu ni nishati ya chakula alichokula, inaondoka.

Mwalimu_Mstaafu
Dada, umechanganya vitu viwili, na wanafunzi wangu miaka yote walijikwaa hapohapo. Kinachorudi udongoni ni madini: naitrojeni, fosforasi, potasiamu. Hayo kweli yanazunguka. Nishati hairudi. Mmea haunyonyi nishati kwa mizizi, unaipata kwenye mwanga wa jua.

Mimi napenda kufundishia vipimo halisi kuliko zile namba za kuchonga za vitabuni. Mwaka 1957 mwanaikolojia Howard T. Odum alichapisha hesabu za chemchemi ya Silver Springs, Florida. Kwa kila mita moja ya mraba, kwa mwaka, mimea ya pale ilinasa kilokalori 20,810. Kabla mnyama yeyote hajaonja kitu, mimea yenyewe ilikwisha kutumia 11,977 kwa kupumua, yaani kuvunja sukari yake ili iishi. Zaidi ya nusu! Inaniuma kuona vitabu vingi vinaliruka hili, kana kwamba mmea unakaa tu ukingoja kuliwa. Walaji wa mimea walipata 3,368, waliowala hao 383, na wa juu kabisa 21. Pigeni hesabu: asilimia 16, kisha 11, kisha 5 na ushee. Kumi ni ya kukadiria tu.

Sasa njoo kwa waozeshaji, maana swali la mtoto liko hapo. Walipokea 5,060, wakatumia 4,600 kwa kupumua kwao. Bakteria na kuvu nao wanakula ili waishi! Chomeka mkono katikati ya lundo kubwa la majani yanayooza, utausikia moto wake. Joto hilo linapotea hewani, na hakuna jani linaloweza kutengenezea sukari kwa joto. Linahitaji mwanga.

Kijani77
Mwalimu, nilisoma kwamba baharini planktoni wanyama (wale viumbe wadogo wanaoelea majini) wanaweza kuwa na uzito mkubwa kuliko planktoni mimea wanaowala. Hapo piramidi, ule mchoro wa ngazi wenye mimea chini na walaji juu, si imepinduka?

Mwalimu_Mstaafu
Piramidi ya uzito inaweza kupinduka, ya nishati kamwe. Planktoni mimea huzaliana upesi sana na kuliwa upesi vilevile. Ukipima leo unakuta uzito mdogo. Jumlisha waliozaliwa mwaka mzima, utaona uzito wao unawapita waliowala.

Mama_wa_Kidato
Asante sana, Mwalimu. Asubuhi nimemwambia wazi kwamba jana nilikosea, nikamwonyesha zile 5,060 na 4,600. Akatoa mwenyewe, akapata 460. Sasa anataka kujua hizo 460 nazo ziko wapi.

Mwalimu_Mstaafu
Mtoto huyo anafikiri! Hizo zimekuwa miili ya waozeshaji wenyewe. Nao wana vijidudu vinavyowala, kwa hiyo mpe kalamu aongeze mshale mmoja kutoka kwa waozeshaji. Na kutoka kwa kila kiumbe kwenye mchoro wake, hata kwenye jani, achore mwingine mdogo unaotoka nje ya karatasi, auandike "joto".