Tupeane uzoefu: safari ya kisiwani ya kushukuru uzima, mlilipia kabla ya majibu ya vipimo au baada?

Mleta mada
Habari zenu wapendwa. Mwezi uliopita nilitimiza miaka 5 tangu nimalize mionzi ya saratani ya titi. Siku zile za kutapika nilijiahidi kwamba nikifika hapo naenda kisiwani kulala juani kama mjusi. Ila kulipa nilishindwa. Kila nikitaka kukata tiketi naona kama naichokoza bahati. Nikangoja majibu, yakatoka safi, nikalipa jioni ileile, tena kwa bei ya juu maana siku zilishakaribia.

Huo umjusi wenyewe haukuwepo. Daktari aliniambia ngozi iliyopigwa mionzi huungua upesi hata miaka ikipita, basi nikaogelea na blauzi ya mikono mirefu, vifungo hadi shingoni. Na kwa kuwa bado natumia tamoxifen, dawa ya kuzuia saratani isirudi, ambayo huongeza hatari ya damu kuganda, ndani ya ndege nilikuwa nasimama na kutembea mpaka jirani yangu akaniuliza kama tumbo linanisumbua. Siku ya kwanza ufukweni nililia, hata sijui nalilia nini. Ninyi je?

Miguu Peku
Hongera sana dada. Mimi ni wa sukari. HbA1c, kile kipimo cha wastani wa miezi mitatu, ilishuka kutoka 10.2 hadi 6.3. Nililipia baada ya majibu, mimi mwoga. Insulini niliibeba mkononi, maana kwenye mizigo ya chini ya ndege inaweza kuganda, na ikishaganda haifai tena hata ikiyeyuka. Nikajiona nimejipanga kweli.

Siku ya pili nikavua viatu nitembee mchangani kama wenzangu, saa saba mchana! Sikuhisi kitu. Jioni mke wangu ndiye aliyeona malengelenge kwenye nyayo. Kumbe sukari ilishaniibia hisia za miguu zamani, na mimi nilikuwa nashangilia namba. Siku tatu zilizobaki bahari niliitazama nikiwa kitini. Mwenye sukari asivue viatu ufukweni, hata akiwa ndani ya maji.

Figo ya Dada
KABLA. Ulikuwa mwaka mmoja tangu dada yangu anipe figo, na nilishachoka kuishi kwa kungoja karatasi za maabara.

Sanduku langu likapotea siku mbili. Nguo zote zilikuwa humo, lakini dawa za kuzuia mwili usiikatae figo nilikuwa nazo begani pamoja na barua ya daktari. Kilichonitesa ni saa: dawa yangu ni kila baada ya saa 12, na kule majira ni tofauti na ya nyumbani. Daktari alinipangia ratiba kabla sijaondoka, la sivyo ningechanganyikiwa. Dada alipiga simu kila siku kuuliza figo "yake" inaendeleaje. Nikamwambia inaota jua, akanikatia simu. Nilimtania tu, dawa hizi huongeza hatari ya saratani ya ngozi, hivyo mimi na figo tulikaa kivulini na kofia kubwa wiki nzima.

Bado Nipo
Nami nililipia kabla, ila majibu yakatoka mabaya. Bima ya safari ikakataa kunirudishia pesa kwa sababu sikuandika ugonjwa wangu kwenye fomu. Kosa langu. Nikamwuliza daktari kama tiba inaweza kusubiri wiki moja, akasema kwa hali yangu inaweza. Nikaenda.

Sikuiita sherehe, sikuiita chochote. Nilikuwa naamka alfajiri naingia majini kabla watu hawajatoka. Sasa ni mwezi wa nane naendelea na dozi. Kabla au baada, sina jibu. Fomu ya bima jazeni ukweli.

Miguu Peku
Pole sana ndugu yangu. Tuko pamoja.

Mleta mada
Bado Nipo, nimekusoma mara tatu. Maji ya alfajiri hayakuwa ya baridi?

Bado Nipo
Vuguvugu dada. Kama ya kumwogeshea mtoto.