Kuanzisha bendi ya roki Dodoma: vyombo, chumba na mgawo wa pesa

Makole_Roki
Habari za leo wakuu. Tuko wanne hapa Dodoma: solo, ridhimu, besi na drams. Mpiga ridhimu ndiye mwimbaji. Tunataka kutunga roki yetu kwa Kiswahili, bila kampuni ya kutusimamia. Chumba cha mazoezi ni cha tofali za saruji, bati juu, mita 4 kwa 5. Tuanze na vyombo gani, kelele tuzidhibiti vipi, na nyimbo zikisharekodiwa nani anamiliki nini? Halafu, ilimba, kile chombo cha Wagogo chenye vijino vya chuma, inaweza kuingia humo?

FundiMitambo
Mkuu, kwa chumba hicho drams ndizo zinazoamua sauti ya wote. Mpigaji akipiga kwa nguvu zote, magitaa yanapandishwa kumfuata, mwimbaji hajisikii, anaanza kupayuka na koo linaharibika. Kwa hiyo amplifaya ya gitaa ya wati 15 hadi 30 inatosha. Besi ndiyo inayotaka nguvu, wati 100 kwenda juu. Msichomeke besi kwenye amplifaya ndogo ya gitaa, koni ya spika itachanika. Na mkifika Kariakoo msibabaishwe na namba: kuzidisha wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu, ongezeko dogo kwa sikio.

Mwimbaji apate mikisa ndogo (ya kuchanganya sauti), spika moja na maikrofoni ya dainamiki. Spika ikae upande wa mgongo wa maikrofoni. Mwimbaji akikifunika kichwa cha maikrofoni kwa kiganja, itaanza kupokea sauti ya pande zote na ule mlio mkali utaanza hapohapo.

Trei za mayai hazimsaidii jirani. Zinapunguza mwangwi wa sauti nyembamba, lakini besi na dramu la mguu vinapita ukutani vilevile. Zibeni mwanya chini ya mlango, madirisha, na nafasi kati ya ukuta na bati. Ndani tundikeni mablanketi mazito, yaachieni sentimita 10 kutoka ukutani, na tandikeni zulia chini ya drams.

Kiangazi chetu kikavu kinasinyaza mbao. Shingo ya gitaa inapinda kwenda nyuma, nyuzi zinagonga freti (vile vyuma vya kukatiza shingoni). Legeza chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, tyuni upya, sikiliza, ndipo uendelee.

Jambo la mwisho, nalisisitiza: vyombo vyote vitumie chanzo kimoja cha umeme chenye ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini). Kuna watu wakisikia mvumo wanakata waya wa ethi. Mvumo unaondoka kweli, lakini anayeshika gitaa huku mdomo uko kwenye maikrofoni anaweza kufa.

Mama_Mikataba
Mwanangu, vyombo vinanunulika. Kinachovunja bendi ni mgawo usioandikwa. Bendi ya The Smiths, ya Manchester, Uingereza, walianza 1982, wakavunjika 1987. Mwimbaji Morrissey na mpiga gitaa Johnny Marr walikuwa wakichukua asilimia 40 kila mmoja ya mapato ya kurekodi na ya jukwaani, mpiga besi na mpiga drams 10 kila mmoja, bila mkataba wa maandishi. Mwaka 1996 mpiga drams, Mike Joyce, alishinda mahakamani na kupewa haki ya asilimia 25, kwa kuwa sheria ya ubia ya Uingereza inagawa sawa pasipo makubaliano mengine. R.E.M. wa Marekani walisajili nyimbo zao kwa majina ya wanachama wote wanne. Walidumu tangu 1980 hadi 2011, na naamini utaratibu huo ulichangia.

Tenganisheni vitu viwili: utunzi (maneno na melodi) na rekodi yenyewe. Andikeni asilimia za kila kimoja, jina la bendi libaki kwa nani mtu akitoka, na vyombo vilivyonunuliwa kwa pesa ya pamoja vinahesabiwaje. Wote wasaini kabla ya kuingia studio.

Bendi isajilini BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), muulize kwa afisa utamaduni wa Jiji. Nyimbo zipelekeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Haki inaanza pale wimbo unapotungwa, ila usajili ni ushahidi mkononi.

Zeze_la_Chamwino
Ilimba inaingia vizuri, lakini msiilazimishe ifuate gitaa. Ngazi ya Kigogo inafuata sauti za asili za waya unaotetema, na ile ya saba iko chini ya noti ya gitaa kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni (hatua ya freti moja). Mkipiga noti hiyo pamoja, mtasikia zinagombana. Tyuni magitaa kwa noti ya msingi ya ilimba, kisha ile noti ya saba ziachieni ilimba na sauti za waimbaji. Gitaa lipite pembeni au liteleze. Kijino kimoja kikihama, kukisukuma ndani kunapandisha sauti. Nendeni Chamwino mkawasikilize wapigaji wenyewe, na mkimchukua mmoja kurekodi, jina lake liingie kwenye mgawo.

Makole_Roki
Shukrani sana. Mama, shikamoo. Kama solo ametunga rifu tu (kile kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia) na mwimbaji maneno yote?

Mama_Mikataba
Marahaba. Jiulizeni: rifu ikitolewa, wimbo bado unatambulika? Kama hautambuliki, solo ni mtunzi, naye apewe fungu. Jazeni karatasi ya kila wimbo siku ileile unapokamilika, majina na asilimia jumla 100. Baada ya wimbo kuanza kulipa hamtakubaliana.