Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia: boti ya mtumba ya kuishi majini, dalali na "mkaguzi" wake

Wakuu, salaam. Mods naomba msiunganishe uzi huu na ule wa magari ya mtumba, haya ni mambo mengine. Nina hasira na nitaandika kirefu. Asiye na muda apite tu.

Nipo Uingereza, pwani ya kusini, upande wa Southampton. Nahudumia wazee zamu za usiku. Kodi ya chumba imenila mpaka nikasema liwalo na liwe: mimi mtoto wa Pangani, baba mdogo wangu alikuwa nahodha wa jahazi la kwenda Pemba, nimelala juu ya magunia ya nazi tangu nina miaka tisa, kwa nini nisinunue boti ya matanga nikaishi humo humo, na kiangazi nikavuka kwenda Ufaransa?

Na bei zinashawishi kweli. Boti za faiba za miaka ya 1970 zimejaa huku kwenye kila kijito. Westerly Centaur peke yake ziliundwa zaidi ya 2,400 kati ya 1969 na 1980: futi 26, mikuku miwili (mkuku ni ule uti mzito wa chini ya boti), maji yakikupwa inasimama wima kwenye tope wala haihitaji gati la gharama. Moyo wangu ulitaka Contessa 32, aina moja na Assent, boti pekee ya daraja la ndogo kabisa iliyomaliza mashindano ya boti za matanga ya Fastnet ya 1979, yale ya dhoruba iliyoua washindani 15. Moyo ulitaka, mfuko ukakataa. Nikaangukia futi 27 ya mwaka 1974, mkuku mmoja. Chapa siitaji, walioiunda hawajanikosea chochote. Pauni 6,800.

Tangazo lilisema "ipo tayari kwa safari, inahitaji urembo kidogo".

Siku ya kuiona nikajifanya nimeyumba, nikashika injini. Ya moto! Dalali akaniambia mwenyewe kaiwasha asubuhi "ili ichangamke". Nikacheka naye. Bwege mimi. Dizeli kuukuu inasema maradhi yake ikiwashwa baridi, pale ndipo unaona moshi mweusi au wa buluu au mweupe, na kila rangi ina habari zake. Ikishapashwa, hata mahututi huimba. Ndani kunanukia manukato, mito ina vitambaa vipya, na ngama, lile shimo la chini ya sakafu maji yanapokusanyika, wakuu, ngama imepakwa rangi nyeupe pee, mtu angeweza kulia wali mle.

Jioni nikampigia baba mdogo kwa video.

"Shikamoo baba, nimepata chombo."
"Marahaba. Ngama umeitazama?"
"Safi kabisa, imepakwa rangi mpya."
Akanyamaza kidogo. "Sitaha je, nayo imepakwa?"
"Hapana, sitaha imechakaa."
"Sasa mtu anaacha sitaha inayoonekana anapaka ngama isiyoonekana, anamficha nani?"

Nikamwona mzee wa majahazi ya mbao, faiba ataijulia wapi. Kesho yake nikatoa kishika uchumba, asilimia 10, kwa masharti kwamba boti ikaguliwe kwanza.

Hapa ndipo penye donda. Mkaguzi nilipewa na dalali! "Huyu ni mzuri, hababaishi wateja." Dalali analipwa na muuzaji, asilimia yake inatoka kwenye mauzo, biashara ikivunjika analala njaa, halafu mimi nakubali anichagulie daktari wa kumpima bibi harusi. Na jueni hili: Uingereza hakuna leseni ya serikali inayomzuia mtu kujiita mkaguzi wa boti. Vyama vyao vya kitaaluma vipo, ila si lazima mtu awe mwanachama. Mimi sikuuliza. Nikalipa pauni 540 za ukaguzi, na kreni ya kuinyanyua boti pauni 310, zote juu yangu.

Ripoti ikaja, kurasa 24, picha za rangi. Nimekaa juzi nikahesabu neno "haikufikika": mara 19. Ameandika vizuri kuhusu mapazia. Kuhusu bolti za mkuku ameandika hazikuonekana kwa kuwa mbao za sakafu zimefungwa.

Zimefungwa kwa skrubu nne. NNE. Bisibisi ya pauni tatu.

Wiki ya pili tangu ninunue nilizifungua mwenyewe. Chini kuna maji ya rangi ya chai, vichwa vya bolti vimeliwa, kutu inachuruzika, na ile rangi nyeupe nilipoikwangua nikakuta puti, na chini ya puti faiba imepasuka nyufa kama utando wa buibui kuizunguka bolti ya nyuma. Maana yake boti hii iligonga mwamba siku moja, mkuku ukasukumwa juu, na mtu aliyejua akachukua puti na brashi. Puti haijipaki yenyewe.

Atakayesema nakuza mambo akasome habari ya Cheeki Rafiki. Ndiyo, jina la Kiswahili, limeandikwa Kizungu. Ilikuwa boti ya matanga, Beneteau First 40.7, Mei 2014 inarudi Uingereza kutoka Antigua, katikati ya Atlantiki mkuku ukachomoka. Watu wanne, wote wakafa. Wachunguzi wa ajali za baharini katika ripoti ya 2015 walisema kugusa chini mara kwa mara, na matengenezo yaliyofuata, huenda kulidhoofisha sehemu inayoubeba mkuku. Mimi nilikuwa nalala juu ya hizo bolti!

Baada ya hapo nikachukua kinyundo kidogo nikatembea juu ya sitaha nikigonga kama anayechagua fenesi sokoni. Sitaha hizi ni faiba juu na chini, katikati kuna mti laini wa balsa. Maji yakipenya kwenye tundu za skrubu, mti unaoza huku juu kunang'aa. Penye uzima husema ti, ti, ti. Kuanzia mlingoti kwenda omo, yaani mbele, yangu inasema bu, bu, bu. Dakika kumi, kazi ya mtoto. Mtu wa pauni 540 hakuwa na nyundo?

Koki ya choo, ile ya chini ya mstari wa maji, mpini wake umenibakia mkononi. Shaba yake imegeuka rangi ya waridi, zinki imeshakwenda na maji ya chumvi. Ikikatika ile unaamka magodoro yanaelea. Watu wa bima wakauliza nyaya zinazoushikilia mlingoti zina miaka mingapi. Sijui, muuzaji hajui, basi hawatanipa bima kamili mpaka nizibadilishe, na fundi ameniandikia pauni 3,900. Nyaya tu!

Karatasi nazo: nilikabidhiwa kadi ya daftari la vyombo vidogo nikaambiwa "hati hii hapa". Si hati. Kadi ile haithibitishi umiliki wala haionyeshi kama chombo kina deni. Na marina niliyoelekezwa na dalali yule yule, mkataba wake unasema ni marufuku kuifanya boti makazi. Siku ya kwanza kabisa nilimwambia nataka kuishi humo. Akaitikia kwa kichwa.

Nimempigia. "Boti huuzwa ilivyo." Nimeuliza wanaojua sheria: ukinunua kwa mtu binafsi huna ile kinga ya dukani, labda uthibitishe maelezo aliyokupa hayakuwa ya kweli. Mkaguzi je? Amejikinga na yale maneno yake 19. Kila mmoja ana mwavuli, mvua inanyesha kwangu, na nasema hivyo nikiwa nimetega sufuria chini ya dirisha linalovuja juu ya kitanda.

Na nyie wa video za "ishi bure majini kwa pauni elfu tano", siku ya kukwangua ngama mbona hamuirekodi?

NYONGEZA, saa 4 usiku: Mnaonishauri nipake rangi tena nimuuzie mwingine, hapana, na mjitafakari. Dalali mwenyewe ameshaniandikia leo mchana kama nitapenda "kuirudisha sokoni", atanitafutia mteja haraka.

Yule kijana wa Mombasa aliyeko Portsmouth aliyekuja inbox: bei ni pauni 2,000. Mbao za sakafu nimeshazing'oa, injini utaikuta baridi. Njoo na nyundo.