Wakuu msaada wa haraka: video za DJ niweke MP4 au MKV? Jumamosi nina kwanjula

Kifaranga_wa_Jinja · Jumatano, saa 3:40 usiku

Habari zenu wakuu. Mimi ni DJ mdogo niko Jinja, siku zote napiga audio tu, sasa Jumamosi nimepata kwanjula, sherehe ya kutambulisha wachumba, huko Kamuli na mwenye shughuli anataka video, skrini mbili kubwa, watu waone wasanii sio kusikia tu. Tatizo ni pale naingiza wimbo wa pili na wa kwanza haujatoka, picha inaganda, sauti inaendelea, halafu ghafla picha inakuja mbio kama mtu aliyefukuzwa na mbwa. Kwenye VLC, pleya ya kawaida, zinapiga safi kabisa. Kumiksi natumia programu ya VirtualDJ. Swali langu ni moja tu, nigeuze zote ziwe MP4 au niache hizi MKV? Usingizi sipati.

Ssalongo_Spika · saa 3:52 usiku

Kijana wangu, kwanjula video za nini? Wale waogezi, wasemaji wa pande mbili, wakianza kubishana hakuna mtu anaangalia skrini, na chakula kikitoka ndio kabisa. Nimefanya shughuli hizi tangu enzi za kaseti, watu wanakumbuka besi. Kodi spika nzuri hizo skrini achana nazo.

Fundi_Balo · saa 4:05 usiku

MP4 na MKV ni mifuko tu. Unaweza kutia mchele uleule kwenye mifuko yote miwili na kubadilisha mfuko hakuivi wali. Kilichomo ndani ndicho kinachokusumbua, yaani kodeki, ile njia iliyotumika kubana video. Niambie vitu vitatu: kodeki gani, kila wimbo una ukubwa gani, na laptopu yako ni ya lini.

Kifaranga_wa_Jinja · saa 4:11 usiku

Asante mkuu. Laptopu iko sawa tu, i5, RAM 8. Na faili ni ndogo sana, megabaiti 30 mpaka 40 kila wimbo, 720p, kwa hiyo uzito sio shida. Mimi nashuku MKV.

Mzee_wa_Kibanda · saa 4:20 usiku

Mmenikumbusha mbali. Miaka ya tisini nilikuwa na kibanda cha video Tororo, mikeka chini, TV moja inchi 21 na deki ya VHS. VJ, yaani mtafsiri wa filamu, anakaa pembeni na maiki, mhusika akianza kuongea anashusha sauti ya filamu anatafsiri, na kama hakuelewa anatunga yake, watu wanacheka kuliko filamu yenyewe. Siku moja mkanda ukaliwa na deki katikati ya mapigano. Unadhani alinyamaza? Akaendelea kusimulia dakika kumi giza totoro, na hakuna aliyedai pesa yake. Nyinyi leo picha ikiganda sekunde mbili mnakosa usingizi.

Sijalala256 · saa 4:23 usiku

Mzee 😂😂 Kifaranga chukua VJ Jumamosi, picha ikiganda yeye anasimulia msanii alichokuwa anataka kufanya.

Fundi_Balo · saa 4:31 usiku

Wimbo wa dakika nne, megabaiti 35, 720p? Hiyo imebanwa mpaka imetoa machozi. Fungua wimbo mmoja kwenye VLC ubonyeze Ctrl na J, soma mstari wa kodeki uniandikie ulivyo. Na i5 zimetoka nyingi, nipe namba kamili.

Kifaranga_wa_Jinja · saa 4:48 usiku

Imeandika HEVC H.265. Laptopu ni i5-3320M. Lakini mkuu hiyo H.265 ndiyo mpya, nimesoma inabana karibu nusu ya ile H.264 na ubora uleule. H.265 imetoka 2013, H.264 ni ya 2003. Nani anataka kitu cha 2003? Halafu kama laptopu ingekuwa mbovu VLC ingekataa.

Fundi_Balo · saa 5:10 usiku

Sasa tumefika. Umewahi kwenda soko la Owino wakati wanafungua balo la mitumba? Balo lililoshindiliwa sana ni dogo, linaingia vizuri kwenye lori, lakini kulifungua ni jasho. Video ni vilevile. Faili dogo sio faili jepesi, udogo wake unalipwa na prosesa wakati wa kupiga. i5 yako ni ya kizazi cha tatu, 2012, H.265 haijazaliwa. Ndani yake kuna sehemu maalumu ya kufungua H.264 bila kutoka jasho, ya H.265 haina, ilianza kuonekana kwenye Intel za kizazi cha sita. Kwa hiyo kila fremu, yaani kila picha, inafunguliwa kwa nguvu za mikono. VLC inapiga video moja, mbele tu, kwa mwendo wake. Wewe kwenye miksi unapiga mbili kwa pamoja, umezibadilishia spidi, na programu inachora skrini juu yake. Hapo ndipo inapoganda, na ndio maana inaganda pale tu nyimbo zinapokutana.

Halafu jambo la pili. Video hizi hazihifadhi kila picha. Inahifadhiwa picha moja kamili, zinazofuata zinasema mimi ni kama jirani yangu ila hapa mdomo umesogea. Ukiruka katikati ya wimbo au ukiskrachi kurudi nyuma, kompyuta inarudi mpaka picha kamili ya mwisho ianze kuhesabu upya. Programu nyingi zinaweka picha kamili kila baada ya fremu 250, kwa fremu 25 kwa sekunde hiyo ni sekunde kumi nzima. Kwa kutazama sofani haina neno. Kwa DJ ni msiba.

Dawa: rudi kwenye faili za asili, tengeneza H.264, picha kamili ziwe za karibukaribu.

Mcha_Haki · saa 5:14 usiku

Samahani naingilia. Hizo video mmelipia? Uganda ina sheria ya hakimiliki ya 2006 na inawalinda wasanii haohao mnaotaka kuwaonyesha kwenye skrini mbili. Mnajadili kubana, hakuna anayejadili kulipa.

Sijalala256 · saa 5:16 usiku

Mcha_Haki hoja yako nzuri ila huyu kijana ana siku mbili.

Halima_wa_Bombo · saa 5:25 usiku

Mimi napiga video za harusi, miaka tisa sasa. Kifaranga mdogo wangu, Fundi amesema rudi kwenye za asili. Za asili ziko wapi?

Kifaranga_wa_Jinja · saa 5:33 usiku

Zipo dada. Ila swali langu lilikuwa MP4 au MKV, na naona kama nikinunua RAM nyingine tatizo litaisha, kuna jamaa ananiuzia kwa bei nzuri nimeshampa nusu.

Halima_wa_Bombo · saa 5:35 usiku

RAM haitafungua H.265. Sijauliza RAM. Za asili ziko wapi?

Kifaranga_wa_Jinja · saa 5:50 usiku

Nilizifuta.

Lakini mnielewe, diski ilijaa, nyimbo 1,800 zilikuwa zimekula gigabaiti 230, nilivyozibana zikawa 64 tu. Nilianza Ijumaa usiku mpaka Jumatatu asubuhi zote zimekwisha. Nilicheki tano sita kwenye VLC ziko safi ndio nikafuta. Yeyote angefanya hivyo.

Ssalongo_Spika · saa 5:52 usiku

Mimi nisingefanya hivyo.

Hesabu_Kali · saa 6:08 usiku

Nasoma kimyakimya ila nimeshindwa kuvumilia. Nyimbo 1,800 mara dakika nne ni dakika 7,200, saa 120 za video. i5 ya 2012 kutengeneza H.265, hata tukiipa heri iende sawa na saa ya ukutani, inataka siku tano mfululizo usiku na mchana. Wewe unasema Ijumaa usiku mpaka Jumatatu asubuhi, hata saa 60 hazifiki, na hapo hatujahesabu umeme kukatika. Wakuu hii ni CHAI, hadithi ya kutunga. Akaunti ni ya jana. Na tuwe wakweli, kijana gani wa Jinja anaandika Kiswahili hivi? Tangu baraza la mawaziri lipitishe Kiswahili kuwa lugha rasmi 2022 naona kila kona kuna Mganda fasaha.

Sijalala256 · saa 6:10 usiku

Chai ya maziwa kabisa, leteni chapati.

Mzee_wa_Kibanda · saa 6:13 usiku

Hesabu_Kali hilo la Kiswahili ondoa. Mimi ni wa Tororo, nilizungumza Kiswahili kabla hujajua kuhesabu.

Fundi_Balo · saa 6:15 usiku

Kiswahili kando, hesabu yake ni sahihi. Kifaranga, mashine hiyo haikuweza. Ulizibana wapi?

Kifaranga_wa_Jinja · saa 6:41 usiku

Baba alikuwa askari, nimekulia kambini, Kiswahili ndicho nilichonyonya. Hilo moja.

La pili sikudanganya, sikutaka tu kulisema. Sikuzibana kwenye laptopu yangu. Nilitumia kompyuta kubwa ya studio ya bosi, ina kadi ya NVIDIA, inakwenda mbio. Diski pia ni ya bosi. Na nyimbo. Amesafiri, anarudi Jumatatu. Yeye alikuwa analalamika diski imejaa, nikasema nimfanyie sapraizi na mimi nikopi zangu hapohapo maana ndogo zinaingia kwenye laptopu. Hajui. Hii kwanjula pia hajui, wateja walimpigia yeye simu nikapokea mimi.

Ndio maana niliuliza MP4 au MKV. Nilitaka iwe hiyo tu.

Sijalala256 · saa 6:43 usiku

Narudisha chapati.

Hesabu_Kali · saa 6:44 usiku

Duh. Pole. Hesabu ilinionyesha kuna kitu, sikujua ni kitu hiki.

Ssalongo_Spika · saa 6:50 usiku

Mimi nilichoma amplifaya ya bosi wangu mwaka 1998, nikamwambia ni radi. Hakukuwa na mvua mwezi mzima. Alinitazama tu, akanipa sukudraiva nifungue mwenyewe, tukakaa wawili mpaka usiku tunachomoa transista moja moja. Mpigie simu kabla hajakuta mwenyewe.

Halima_wa_Bombo · saa 6:58 usiku

Fikiria kitu kimoja: nani mwingine aliwahi kukopi diski hiyo? Hakuna diski ya DJ ambayo haijakopiwa. Aliyekaa studio kabla yako, jamaa wa Iganga, yule wa baa. Za asili zipo kwa mtu. Hilo utafute kesho mchana, na wateja wajue anayekuja ni wewe, sio bosi.

Mpenda_HAP · saa 7:02 usiku

Mbona hakuna anayemwambia kuhusu kodeki za HAP au DXV ya Resolume? Kila fremu inasimama peke yake, kadi ya grafiki ndiyo inafungua, skrachi mpaka uchoke haigandi.

Fundi_Balo · saa 7:20 usiku

Kweli, lakini tazama mfuko wake. HAP ya kawaida inakula nusu baiti kwa kila nukta, 720p kwa fremu 25 ni kama megabaiti 11 kila sekunde, wimbo wa dakika nne unakaribia gigabaiti 2.7 kabla haijapunguzwa kidogo. Nyimbo 60 ni zaidi ya gigabaiti 150. Ni za watu wenye SSD kubwa na lupu fupi za kupamba jukwaa, sio kwanjula.

Kifaranga fanya hivi. Nyimbo 1,800 ziache, hujui hata nusu yake utaipiga. Chagua 60, kwa hiyohiyo kompyuta ya studio. Tumia programu ya HandBrake, video H.264, sio ile H.265, ubora RF 20, fremu 25 za kudumu, sio za kubadilikabadilika, na pale kwenye sanduku la chaguo za ziada andika keyint=12, hapo utapata picha kamili karibu kila nusu sekunde. Ukubwa ubaki 720p, usikuze kwenda 1080 maana picha iliyopotea hairudi kwa kuivuta. Ubora nao hautarudi, ulichofuta kimefutwa, hutaona tofauti kwenye skrini ya mtu aliyeshiba. Faili zitakuwa kubwa kuliko hizi zako, usishtuke, ndiyo wepesi wenyewe. Kisha jaribu mbili kwa pamoja kwenye laptopu yako, chaja ikiwa imechomekwa, kwa betri inajipunguzia nguvu. Usijaribu kwa VLC tena.

Na hiyo RAM kadai nusu yako.

Kifaranga_wa_Jinja · Alhamisi, saa 1:55 asubuhi

Sikulala. Ziko 14 tayari. Nimepiga mbili kwa pamoja nikazivuka mara sita, haijaganda hata mara moja. Skrachi ya kurudi nyuma bado inachelewa kidogo ila sitaskrachi mbele ya wazee. Jamaa wa Iganga anasema ana diski ya mwaka jana, haina nyimbo mpya ila nyingi zipo, nitamfuata saa nne na boda.

Bosi amepiga simu mara mbili asubuhi hii. Sijui nani kamwambia nini. Sijapokea.

Halima_wa_Bombo · saa 1:57 asubuhi

Pokea.