Mjadala: Ajira za miradi zinajenga uchumi wa taifa au zinauchangamsha kwa muda tu?

Mtoa hoja: Kila mradi mkubwa unapozinduliwa hapa Tanzania, idadi ya ajira hutangazwa mapema, lakini ni nadra kuisikia ikitajwa tena siku mradi unapokabidhiwa. Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambalo mkataba wake ulitiwa saini Desemba 2018, lina mitambo 9 yenye uwezo wa megawati 2,115, na reli ya kisasa ilianza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024. Sibishi faida ya umeme wala ya reli. Ninachobisha ni desturi ya kuhesabu kibarua cha miaka 2 na ajira ya kudumu katika kapu moja.

Katika ukokotoaji wa pato la taifa, matumizi ya ujenzi huingia kama uwekezaji, lakini mitambo na vichwa vya treni vilivyoagizwa nje hutolewa tena, kwa hiyo kinachobaki mikononi mwa wananchi ni mishahara, saruji, kokoto, usafirishaji na chakula. Mishahara hiyo ndiyo inayomfikia mama lishe na mwenye vyumba vya kupanga. Kambi ikifungwa, mzunguko huo hukatika ndani ya miezi michache, ilhali aliyekopa ili ajenge vyumba bado anadaiwa marejesho.

Kwa mfanyakazi mwenyewe hali ni ngumu zaidi. Pensheni ya uzeeni ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inahitaji michango ya miezi 180, na fundi anayefanya kazi miaka 2, akakaa mtaani mwaka mzima, kisha akapata mkandarasi mwingine, huiona kama ahadi ya watu wengine. Ndiyo maana madai ya fao la kujitoa, yaani kuchukua michango yote kabla ya kustaafu, hayaishi, kwani fao la kukosa ajira hulipa theluthi moja tu ya mshahara kwa miezi 6. Benki nazo hutazama tarehe ya mwisho wa mkataba kabla ya kutazama kiwango cha mshahara. Mtu wa namna hiyo hununua pikipiki kabla ya kiwanja, na simlaumu, ila taifa linapoteza akiba ya muda mrefu ambayo ingeweza kukopeshwa kwa viwanda.

Mchangiaji wa kwanza: Hesabu naikubali, lawama siikubali. Ukimlazimisha mkandarasi kuajiri kwa kudumu ataajiri wachache, kwa kuwa kazi yenyewe ina mwisho, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inautambua mkataba wa kazi maalumu. Isitoshe, ujuzi haufungwi pamoja na kambi. Aliyejifunza kuchomelea vyuma kwenye reli anaweza kuhamia bomba la mafuta ghafi la Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga.

Mtoa hoja: Sikudai ajira za kudumu zilazimishwe. Huo ujuzi unaousifu fundi huondoka nao bila karatasi yoyote, na mkandarasi anayefuata humwanzisha tena kama kibarua, kwa ujira wa kibarua. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana kazini. Sehemu ya malipo ya mkandarasi huzuiwa hadi kiishe kipindi cha uangalizi, yaani muda wa kurekebisha kasoro baada ya kazi kukabidhiwa. Kwa nini kuwapitisha mafundi kwenye upimaji huo kusiwe sharti mojawapo la kuiachia?

Mchangiaji wa pili: Gharama ya upimaji itaingizwa kwenye bei ya zabuni na mlipakodi ndiye atakayeilipa. Mimi niko tayari kuilipa. Hata hivyo, vibarua wengi wako chini ya wakandarasi wadogo wanaopewa vipande vya kazi, na wengine hulipwa kwa siku bila mkataba wa maandishi. Jina la kibarua ambaye hayumo kwenye orodha yoyote litapelekwa VETA na nani?